Nafasi ya Boma

Miaka ya tisini ilipokuwa inaisha, kompyuta za Homa Bay zilikuwa chache, na aliyezijua vizuri ni mimi. Nilikuwa nimerudi kutoka India na stashahada, nikaitundika ukutani mahali ambapo mteja angeiona kabla hajaniona. Sikubebwa na mbunge wala mjomba. Nilizoea kusema nimejisomesha, na ilikuwa karibu kweli: nauli ya kwanza alinipa dada yangu, aliyekuwa akikausha omena, dagaa wa ziwani, kule Sori.

Wanaukoo walioko ng'ambo walitaka kurasa za intaneti, kila boma na ukurasa wake. Mwingine angeandika kurasa zote moja moja. Mimi niliandika mmoja tu. Palipofaa jina la mzee niliacha nafasi, pa wake zake nafasi, pa watoto nafasi. Ukitaja boma, kompyuta inakwenda yenyewe kwenye orodha, inatafuta watu wa boma hilo na kuwapanga. Sijaona kazi safi kuliko ile, na nimeona nyingi.

Orodha aliiandika baba mdogo kwa mkono wake: jina, mama, boma. Niliichapa yote siku mbili bila kosa hata la herufi.

Mama alikuja siku ya soko, akaketi na kikapu chake magotini. Nikafungua ukurasa wa boma letu, nikamsomea kwa sauti, maana hakujua kusoma. Baba. Yeye. Kisha watoto wake, mimi wa kwanza.

"Wewe si wa kwanza," alisema.

Nikatazama. Dada hakuwepo. Nikafungua orodha nikamkuta, jina na mama, ila nafasi ya boma ilikuwa tupu. Alikufa kabla ya kuolewa, nami nikiwa India, na kwetu msichana wa namna hiyo huzikwa nje ya ua. Baba mdogo hakumwandikia boma.

Badala ya kunyamaza, nilieleza. Nilikuwa na ujuzi, nikautoa wote.

"Mama, mashine haina ubaya. Inatafuta kwa boma. Asiye na boma haiwezi kumwona."

"Haiwezi kumwona," alirudia. "Ua ulijengwa na wazee, hilo nilimeza. Huu ulijengwa na nani, wuoda?"

Wuoda ni mwanangu kwa Kijaluo. Aliniita hivyo hata siku hiyo.

Nikaandika jina la boma kwenye ile nafasi. Neno moja. Nikaufungua ukurasa upya na dada akawa juu yangu, mahali pake. Nikamsomea Mama tena. Akaomba karatasi, nikachapisha.

Aliikunja ikawa ndogo, akaiweka chini ya sukuma wiki ili isipeperuke. Alipofika mlangoni akasimama.

"Jina lake ulilichapa kwa vidole vyako?"

"Ndiyo, Mama."

"Ukaona hapo mbele pako wazi?"

Ningeweza kusema niliona nikaheshimu mila. Angenisamehe hilo, alikuwa amewasamehe wengi.

"Sikuona," nilisema. "Nilikuwa naharakisha."

Alitikisa kichwa taratibu, akaitazama stashahada ukutani kana kwamba kuna mtu pale aliyemfahamu, akatoka. Nyumbani aliambiwa na baba mdogo kwamba karatasi si kaburi. Alijibu kwamba anajua, yeye ndiye anayelipalilia lile la nje ya ua.