Boksi la Besi la Antoni Ngolo

Antoni Ngolo alikuwa mpiga gitaa la besi, na alikuwa na boksi la spika ambalo hakuna aliyependa kulibeba. Alitengenezewa mwaka sabini na tatu na Jailos, fundi seremala wa Soweto pale Mbeya, kwa mbao za mninga, kwa kuwa Antoni aliamini sauti nzito inataka mti mzito. Lilimfika kifuani. Jailos alipolimaliza aligundua kuwa halipiti mlangoni, ikabidi ang'oe fremu.

Bendi yao ilipiga Mbeya, na mara kwa mara ilikwenda mpaka Iringa kwa lori la kukodi. Asukile, kiongozi wa bendi, alikuwa mtu mpole, akavumilia safari kadhaa. Kisha Timotheo, mpiga dramu, akaumia kiuno akilishusha boksi, na dansi lile alilipiga lote akiwa ameegemea ukuta. Asukile akamwambia Antoni kwamba tangu siku hiyo boksi ni lake na mgongo ni wake.

Antoni akarudi kwa Jailos. Fundi alimshauri aweke miguu ya raba, vipande vya tairi kama vya viatu vya katambuga, ili boksi lisimame imara. Antoni akasema kusimama si shida, lile boksi linajua sana kusimama. Yeye anataka liende. Alikuwa amekulia Usangu, kwenye kaya ya Wasukuma waliohamia huko na ng'ombe wao, na utotoni aliona plau ikipelekwa shambani juu ya gogo lenye panda lililokokotwa na maksai. Akataka chini ya boksi zipigiliwe mbao mbili za kuburutia, zichongwe pua mbele na kupakwa nta. Jailos alizipigilia bila kubishana, na boksi liliingia bila taabu, maana fremu ya mlango alikuwa hajairudishia.

Baada ya mavuno walialikwa kupiga kijiji kimoja cha Usangu, si mbali na kwa wazazi wa Antoni. Mvua zilikuwa zimechelewa kuisha, lori likazama kwenye tope kabla ya kufika. Vyombo vingine wanakijiji walivibeba, na kwa ajili ya boksi wakaenda kuomba msaada kwa mwenye maksai wa karibu, naye alikuwa mzee Ngolo, baba yake Antoni.

Hawa wawili hawakuwa na mazungumzo tangu Antoni alipoacha mifugo akafuata gitaa. Mzee aliitikia shikamoo ya mwanawe, akalizunguka boksi, akaligonga kwa fimbo, akauliza ndani mna nini. Antoni akajibu kwamba hamna kitu kikubwa, ni spika mbili na nafasi ya sauti.

"Basi tunakokota nafasi," mzee akasema, akafunga mnyororo.

Boksi liliteleza vizuri kwenye tope, likapinduka. Wakaliinua, likaenda kidogo, likapinduka tena. Walipofika, mzee alimvuta mwanawe pembeni.

"Mzigo mrefu haukokotwi umesimama. Ulaze chali," alimwambia. "Na ng'ombe wako wapo, wanakungoja."

Antoni alisikia hilo la pili tu. Akapiga dansi akiwa amenuna, na asubuhi akaondoka bila kwenda kuaga.

Safari iliyofuata ilikuwa Iringa, dansi la mchana siku ya Jumapili. Jukwaa la ukumbi ule lilikuwa la saruji nyekundu iliyosuguliwa mpaka inang'aa. Antoni aliburuta boksi peke yake mpaka mahali pake, na Asukile akakiri mbele ya wote kuwa zile mbao zina kazi.

Wimbo wa kwanza ulipokolea, boksi lilianza kusogea. Kila alipopiga nyuzi nene lilitetemeka na kwenda mbele kidogo. Waya wa gitaa ulikuwa mfupi, kwa hiyo Antoni naye alisogea. Akampita Timotheo, akawapita waimbaji, akafika mbele kabisa ya jukwaa, mahali ambapo mpiga besi hana shughuli. Watu walidhani ni mtindo mpya kutoka Mbeya, wakashangilia. Antoni aliona ukingo, lakini wimbo ulikuwa haujaisha. Boksi likaanguka ukumbini juu ya kiti kilichokuwa kitupu, kwa sababu mwenye kiti alikuwa akicheza. Spika moja ikachanika.

Asukile hakupandisha sauti. Alimwambia tu kwamba bendi inaweza kupata mpiga besi mwenye boksi linalokaa.

Wakati wa kurudi Antoni alipanda nyuma ya lori na boksi lake. Walikuwa wamelilaza chali, kama walivyolilaza kila safari, na barabara yote ile mbovu halikuyumba. Alilitazama mpaka Makambako. Ndipo maneno ya baba yake, yale ya kwanza, yakamfikia.

Jailos alizihamishia zile mbao mgongoni mwa boksi, na chini akalivalisha vipande vinne vya tairi. Tangu hapo lilikokotwa limelala na kupigwa limesimama, na Asukile hakulitaja tena, jambo ambalo kwa Asukile ni sifa.

Antoni alipopata nafasi alipanda basi kwenda Usangu na gitaa lake la kawaida, lile lisilohitaji umeme. Alimkuta baba yake uani akisuka kamba, akamwambia kwamba mzee alikuwa amesema kweli kuhusu ule mzigo, na kwamba kuondoka kwake mwenyewe bila kuaga hakukuwa kuzuri. Ilimchukua muda kuyasema.

Mzee alimaliza fundo alilokuwa nalo. "Kiti kiko hapo," akasema.

Mama yake, Mbuke, akaleta wali na maziwa ya mgando. Walipokwisha kula, Antoni akapiga nyimbo mbili. Mzee alisikiliza akiangalia chini, kisha akainuka akaenda kutazama maji kwenye mpunga, hatua chache kutoka uani. Antoni alianza kulifunga gitaa.

"Mbona umeacha?" baba yake akauliza kutoka shambani.