Mtihani wa Sombe

Vita vilipofika mji wetu wa Baraka, mama, dada yangu na mimi tulivuka ziwa, tukaishia kambini upande wa Kigoma. Wenzetu walibeba magodoro. Mama alibeba kinu. Alichekwa na mtumbwi mzima.

Shule ya kambini ilifuata masomo ya kwetu, kwa Kifaransa, ili siku ya kurudi tusianze upya. Mimi nilikuwa darasa la sita na sijui kusoma. Baraka tulisoma kwa kuitikia kwa pamoja, na kuitikia nilikuwa hodari. Kwenye karatasi herufi zilihamahama kila nilipozikazia macho. Mama aliamini hofu ya ziwani ndiyo iliyonivuruga. Alinipaka mafuta ya maombi kwenye kope, nikabaki vilevile, ila macho yakiniwasha. Nisipofaulu mtihani wa mwisho, shule ingeniishia hapo, na shule niliipenda, jamani.

Mwalimu wetu, mkimbizi kama sisi, mtu wa milima ya Fizi, alikuja kwetu jioni moja akanikuta natwanga sombe, yale majani ya muhogo, huku dada akinisomea jiografia. Nililirudia somo lote, neno kwa pigo.

"Mama, huyu mutoto iko na akili," alisema. "Ni kusoma tu inamushinda. Kuko bantu banazaliwa vile."

Tangu hapo dada alinisomea kila jioni. Sombe yetu ililainika hadi majirani wakauliza kama tunauguza mtu asiye na meno.

Mwalimu alimwomba mkurugenzi wa shule anihoji kwa mdomo. Mkurugenzi alikuwa mkali kama pilipili.

"Mutihani ni karatasi!"

"Directeur, huku ugenini, kama si sisi, nani atamusaidia?"

Alikubali kwa shingo upande. Siku ilipofika nikasimama mbele yake. Akauliza, nikakauka. Majibu niliyajua yote, lakini mikono ilikuwa inatafuta mchi, na mwalimu akaliona hilo.

"Directeur, tumuletee kinu."

Mama alikileta mwenyewe, kimejaa majani, maana kwake kutwanga kinu kitupu ni kuita njaa. Nikatwanga, nikajibu. Historia, hesabu, Kifaransa. Mkurugenzi aliendelea kuuliza mpaka akachoka yeye, kisha akatuambia twende nyumbani.

Mama aliipika sombe ile kwa mawese, akamtuma dada ampelekee mkurugenzi sahani moja. Kwetu sahani ya mtu hairudishwi tupu. Ile ilirudi tupu, imeoshwa. Mama aliitazama, uso ukamsawijika. Nami nikajua nimeshindwa.

"Directeur anasema hana kitu ya kutia ndani," dada akasema, bado anahema kwa mbio. "Anasema tu mutoto amepita mutihani."

Mama, aliyetukataza maisha yetu yote kukalia kinu, alikikalia palepale, akaangua kilio.