Neno Alilosema Lornah Korongoni

Lornah alikuwa mpishi wa safari. Hakupika hotelini. Alipika porini, chini ya turubai, akiwapikia vijana kutoka ng'ambo, wale wanaozunguka dunia na begi mgongoni na kulala kwenye mahema waliyoyasimamisha wenyewe. Angeweza kutoa chapati laini juu ya jiko la gesi huku upepo ukipuliza mchanga kutoka kila upande, na wageni wengi waliporudi kwao walimwandikia kuuliza alizipikaje hasa zile dengu.

Alizaliwa Vihiga. Ndoa ilimleta Nairobi, ndoa ikavunjika, naye akabaki Kinoo na mtoto mmoja, Quincy, katika vyumba viwili vya kupanga. Kazi ya safari ilikuwa nzuri, ila ilimtaka awe mbali. Quincy alipobatizwa, mama yake alikuwa Samburu. Alipomaliza darasa la nane, mama alikuwa Loita. Wakati mmoja alilazwa kwa nimonia siku nne, na Lornah akapata habari mtoto akiwa amesharuhusiwa kwenda nyumbani.

Aliyemlea Quincy siku hizo zote ni Wangui. Wangui alikuwa mke wa Kuria, na Kuria ndiye dereva aliyesafiri na Lornah kwa miaka tisa. Ukoo wa Kuria ulikuwa Kinoo kabla ya barabara ya lami, na Wangui alifuga ng'ombe watatu kwenye kile kipande cha shamba kilichobaki katikati ya maghorofa. Kuria na Lornah wakienda porini, Quincy alikula kwa Wangui, akafanya kazi za shule na binti yao Shiku, akalala huko. Wanawake hao wawili waliabudu katika kanisa moja na kuketi benchi moja. Lornah alimwita Kuria Baba Shiku, naye Kuria akamwita Mama Quincy, na hakuna aliyewahi kusikia wakigombana.

Kuria hakuwa dereva wa mbwembwe. Alikuwa ameendesha magari ya safari kwa miaka kumi na tisa, na wenzake kule yadi ya magari ya Muthangari walimtania kwamba anaendesha kama mtu aliyebeba mayai. Akifika kwenye mto alizima injini, akashuka, akatazama. Kama hakupenda alichokiona, alikaa. Wageni wangelalamika, yeye angewaambia kwa upole kwamba mto hauna haraka, na wao wasiwe nayo.

Safari ya mwisho ilikuwa ya siku nne, kusini, ng'ambo ya Magadi. Walikuwa na wageni sita, na gari lilikuwa Landkruza ndefu yenye mahema juu ya keria ya paa. Walitoka Nairobi Jumatatu, warudi Alhamisi jioni. Lornah alikuwa amekubali kwenda kwa sharti hilo, kwa sababu Ijumaa saa tatu asubuhi Quincy alikuwa anahitimu chuo pale katikati ya jiji. Gauni la Lornah lilikuwa limepigwa pasi na kutundikwa nyuma ya mlango.

Alhamisi, saa nane mchana, walifika kwenye korongo walilolivuka Jumatatu likiwa kavu kabisa. Sasa lilikuwa na maji. Pale walipokuwa jua liliwaka, lakini huko juu milimani mbingu ilikuwa nyeusi.

Kuria alizima injini, akashuka, akatazama.

"Tungoje," alisema. "Hii maji itashuka tu. Tulale hapa, asubuhi tuvuke."

Lornah alimfuata ukingoni. "Baba Shiku, kesho Quincy anavaa joho."

"Najua."

"Tukilala hapa sifiki."

"Tutatoka mapema sana."

"Mapema gani? Kutoka hapa mpaka Nairobi ni masaa tano, na hiyo ni kama barabara haijaharibika."

Kuria aliokota jiwe, akalitupa katikati ya maji, akasikiliza.

"Baba Shiku, mimi kila kitu ya huyo mtoto huambiwa tu," Lornah alisema. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Ubatizo niliambiwa. Hospitali niliambiwa. Yaani miaka kumi na tisa umevuka mito yote ya hii Kenya, leo umeshindwa na haka kamaji?"

Walizungumza Kiswahili. Wageni, waliokuwa wamekaa kivulini wakila machungwa, hawakuelewa hata neno.

Kuria alimtazama, kisha akacheka kidogo. Alivua viatu, akakunja suruali, akachukua fimbo, akaingia majini kwa miguu. Maji yalimfika magotini, na katikati juu kidogo ya magoti. Alivuka, akarudi.

"Haya, Mama Quincy," alisema akivaa viatu. "Twende ukamwone mtoto."

Wageni walipiga makofi, wakapanda garini. Msichana mmoja Mholanzi, Anneke, akatoa simu aanze kurekodi.

Gari lilikuwa limepita katikati ya korongo wakati wimbi lilipotokea kwenye kona. Lilikuwa la rangi ya matofali, na mbele yake lilisukuma mgunga mzima na mizizi yake. Injini ikakata. Gari likaanza kusogea kiubavu, taratibu, kama mtu anayehamishwa kitini.

Kuria hakupiga kelele. Kwa kile Kiingereza chake cha polepole aliwaamuru wageni watoke kwa madirisha wapande juu ya keria. Alifunga kamba kwenye chuma cha keria, na kijana mmoja Mjerumani, mrefu, aliyejua kuogelea, akaivusha mpaka ukingo wa pili na kuifunga mtini. Wakaanza kuvuka mmoja mmoja, wakishikilia kamba, maji yakiwagonga vifuani. Alipofika wa sita, gari lilikuwa tayari limeinama.

"Sasa wewe," Kuria alimwambia Lornah, akimshika mshipi. "Angalia kamba. Usiangalie maji."

Alimshikilia mpaka mkono wake ulipofika mwisho, akamwachia. Miguu ya Lornah ilipogusa tope la ukingoni, aligeuka amwite. Aliona tumbo la gari, kisha magurudumu manne juu, kisha maji matupu.

Waliteremka na ule ukingo wakimwita hadi jua likachwa. Hapakuwa na mtandao. Asubuhi wafugaji wa sehemu hizo walikuja kusaidia, na mmoja wao akampeleka yule Mjerumani kwa pikipiki mpaka mahali simu inaposhika. Ijumaa saa tatu, saa ya mahafali, Lornah alikuwa akitembea kando ya korongo akichokora matope kwa fimbo, akiogopa kila alipogusa kitu laini. Kuria alipatikana Jumamosi, kilomita nne chini, chini ya mizizi ya mti.

Jambo ambalo Lornah aliligundua baadaye ni kwamba Quincy hakuwa peke yake siku hiyo. Wangui alipoona Alhamisi imepita na simu za safari hazishiki, alidhani ni matope tu, kama siku nyingine nyingi. Alivaa nguo yake ya kanisani, akamchukua Shiku, akaenda kuketi kwenye kiti cha mama mzazi. Picha zipo. Wangui amemvisha Quincy shada la karatasi za kumetameta, anacheka mdomo wazi. Simu ya ofisi ilimpata kabla hawajamaliza kupiga picha.

Walimzika Kuria kwenye shamba lao, karibu na zizi. Wiki iliyofuata Norman, mwenye kampuni, alimwita Lornah ofisini Hurlingham. Karatasi ilikuwa mezani tayari.

"Ni ya polisi na ya bima," Norman alisema. "Wageni wote wameshasema yao. Hakuna mtu alimlazimisha Kuria kuvuka, ama?"

Karatasi ilisema kwamba dereva, kwa uamuzi wake mwenyewe na kinyume cha kanuni za kampuni, aliingia kwenye maji ya mafuriko. Lornah aliisoma mara mbili. Alijiambia kwamba maneno hayo si uongo, maana usukani ulikuwa mkononi mwa Kuria. Akatia sahihi.

Kisha ile video ya Anneke ikafika mitandaoni, sekunde arobaini, ikaenea nchi nzima. Watu wasiomjua Kuria waliandika chini yake. Dereva mzembe. Alitaka kuwaonyesha wazungu. Huyo alikuwa amekunywa. Shiku alionyeshwa shuleni, akapigana na msichana mwenzake, akarudishwa nyumbani kwa wiki moja. Wangui alisoma kila kilichoandikwa. Alikuwa akikamua ng'ombe, anapangusa mikono, anasoma, anarudi kukamua.

Siku moja alimuuliza Lornah waziwazi, wakiwa zizini. "Mama Quincy, wewe ulikuwa hapo. Kuria hawezi kuingia mto umejaa. Nimeishi na yeye, najua. Ni nani alimwambia avuke?"

"Sikusikia," Lornah alisema. "Nilikuwa nyuma ya gari nikipanga vyombo."

Wangui aliitikia kwa kichwa na kumpa maziwa ya kupeleka nyumbani, kama kawaida.

Kuanzia hapo Lornah hakuweza kula mbele ya watu. Alirudi kazini mara moja tu, safari fupi ya Naivasha, na wageni walipoanza kupiga makofi kwa sababu chakula kimeiva, aliacha sufuria ikaungua. Akaacha kazi. Kanisani alianza kwenda ibada ya kwanza, ile ya mapema, ili asiketi kwenye lile benchi. Quincy alidhani mama yake anamlilia rafiki, akawa anamnunulia matunda akitoka kutafuta kazi mjini.

Miezi mitano ilipita. Alipomwona Wangui tena kwa karibu, ni Wangui aliyekuwa amemwita aje amsaidie kugawa nguo za marehemu kwa jamaa. Mashati yalikuwa yamerundikwa kitandani. Ukutani, mahali picha ya harusi ilipokuwa, palibaki alama ya mraba tu.

"Umeitoa?" Lornah aliuliza.

"Nimeitoa." Wangui alikuwa akikunja suruali, hakuinua macho. "Nimechoka kumtetea. Pengine hao watu wanasema ukweli. Pengine mimi ndiye sikumjua. Mtu mwenye bibi na mtoto anaingia kwa maji ndio apigiwe makofi na watalii. Alituacha juu ya sifa, Mama Quincy. Hata huko kwa kaburi siendi siku hizi. Nitaenda kumwambia nini?"

Lornah aliketi kitandani, juu ya mashati.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Ni mimi nilimwambia avuke. Yeye alisema tulale. Alisema tungoje. Nikamwambia nitakosa siku ya Quincy. Nikamcheka, nikamwambia ameshindwa na haka kamaji."

Wangui aliendelea kuikunja ile suruali mpaka ikawa ndogo kama kitabu. Kisha akaiweka chini.

"Rudia," alisema.

Lornah alirudia. Alisema yote: jiwe, fimbo, namna Kuria alivyovua viatu, namna alivyosema twende ukamwone mtoto. Alisema kuhusu ile karatasi ya Hurlingham. Alipopiga magoti, Wangui alirudi nyuma hatua moja ili asiguswe.

"Na mimi nilikuwa nimeketi kwa kiti yako," Wangui alisema polepole. "Nikipiga vigelegele."

"Mama Shiku..."

"Quincy anajua?"

"Hajui."

"Usimwambie." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Lornah zaidi. "Huyo mtoto nimemlisha kwa mkono yangu. Hakukosa. Hii uibebe wewe peke yako, usimpatie ashike hata kidogo. Na hapa kwangu usirudi tena."

Lornah alisimama. Mlangoni aliuliza kama angalau angeweza kwenda kuwaeleza watu, kusafisha jina la Kuria.

"Fanya unachotaka," Wangui alisema. "Ulikuwa na miezi mitano."

Kesho yake alienda Hurlingham. Norman alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango wa ofisi, akamwambia kwamba faili imefungwa, kwamba aliyeshika usukani ndiye mwenye jukumu hata angeambiwa nini na mpishi, na kwamba kama anataka kusema alitia sahihi uongo, atafute wakili kwanza. Lornah alienda kituo cha polisi. Akaambiwa aandike, akaandika, karatasi ikawekwa juu ya nyingine. Alimwomba kijana wa jirani amsaidie kuweka maelezo chini ya ile video. Maelezo yakawekwa. Mtu mmoja akajibu kwa picha ya kicheko, kisha hakuna aliyejibu tena.

Wangui aliirudisha picha ukutani. Lornah alilijua hilo kwa Shiku, aliyekutana naye sokoni. Shiku alimwamkia kwa heshima, akajibu alichoulizwa, kisha akauliza, "Auntie, mbona ulinyamaza?" Kisha msichana akaenda zake na mboga zake.

Siku hizi Lornah anapika kwenye kibanda cha chakula nyuma ya jengo la ofisi, anawapikia makarani na walinzi. Quincy amepata kazi, bado anaishi naye. Mara kwa mara anauliza ni kwa nini hawaendi tena kwa Mama Shiku, na kama kuna kosa alilofanya aende kuomba msamaha. Jumapili iliyopita aliuliza tena, akiwa amevaa tayari, mfuko wa sukari na majani ya chai mkononi.

"Hapana," mama yake alimwambia. "Wewe hukukosa kitu. Weka hiyo sukari chini."

Quincy aliiweka mezani, akatoka nje akakaa kwenye ngazi. Lornah alisikia majirani wakimsalimu, naye akiwajibu. Alisimama kando ya meza na kuutazama ule mfuko mpaka kengele ya ibada ya pili, ile ya benchi lake na Wangui, ilipolia, naye hakutoka.