Mjakazi wa Jukwaani

Mwajiri wangu wa Bawshar, mtaa wa Maskati, alikuwa Mmarekani aliyeimba opera huko Ulaya zaidi ya miaka ishirini. Msidhani alikuwa malkia. Alipewa nafasi za wajakazi: afungue mlango, aimbe mistari mitatu, amkabidhi bibi barua, atoke. Mara nyingine aliwekwa akiba, akakaa nyuma ya pazia akiomba mwenye jina kubwa augue. Hakuugua. Sauti ilipochakaa alimfuata mumewe Maskati, akawa anafundisha watoto wa matajiri kuimba sebuleni, na mimi, mjakazi wa kweli, akinirekebisha ninavyoshika trei.

"Mgongo wima," alikuwa akisema. "Kazi hii nimeifanya mbele ya watu elfu mbili."

Mimi pia nilikuwa na jukwaa langu. Huku Wakenya tunasali Ijumaa, siku ya mapumziko, na mwanzishaji wa nyimbo katika kwaya yetu ya kanisa nilikuwa mimi. Wiki nzima nilikuwa mtu wa kuitwa na kutumwa. Ijumaa nikifungua kinywa, kanisa zima linasimama. Sikuwa na kitu kingine Maskati.

Siku moja madamu alinisikia nikiimba huku nikipiga pasi. Akaichomoa pasi ukutani, akanigusa koo kwa vidole viwili. Alisema ninaisukuma sauti kutoka kooni na nitaiua. Nisiimbe kabisa miezi mitatu, kisha atanifundisha bure. Nikamwamini, mjinga mimi. Nafasi yangu nikamwachia dada mmoja aliyefika juzijuzi kutoka Kakamega.

Miezi mitatu ikaisha, nikauliza. Akasema baada ya Ramadhani. Ramadhani ikapita, akasema joto lipungue kwanza. Mwalimu wa kwaya hakungoja joto.

"Dada, watu wameshamzoea huyu," aliniambia. "Wewe simama nyuma, ushike sauti ya pili."

Ijumaa moja madamu akaja kutusikiliza, akakaa mstari wa mbele. Yule dada akaanzisha, sauti yote ikitoka kooni, mishipa ya shingo imemsimama. Nikangoja madamu akunje uso. Alilia. Nilimchukia madamu pale pale, na bado namchukia.

Kesho yake nilimpelekea chai, mgongo wima.

"Yule msichana," akasema, "asiguswe na mwalimu yeyote. Watamharibu."

"Na mimi je, madamu?"

Akaonja chai, akasema sukari imezidi. Nikarudi jikoni kumtengenezea nyingine.