Usipeleke Ndimu kwenye Franga ya Ndizi

Iko siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na kila nikiikumbuka nachanganya mwanzo na mwisho, basi univumilie. Acha hiyo ndimu kwanza. Iweke pale kando ya chumvi, ikae. Nimekuona tangu asubuhi ukizunguka na franga ya babu yako mukononi, ile sarafu yake ya zamani, unataka ing'are ndipo uipige picha na simu, watu wenye kukusanya franga za zamani waione. Picha sikukatazi. Ndimu ndiyo nakukataza, na kukueleza kwa nini itabidi nianze mbali, wakati mimi mwenyewe nilikuwa mugeni katika nyumba hii.

Nilikuwa bibi mupya. Baba yako Kalenga alinioa mvua zilipoisha, tukaja kukaa na mama yake hapa Nchelenge, huku Zambia, karibu na soko la Kashikishi. Sote tulikuwa tumevuka ziwa kutoka Katanga tukikimbia vita, sisi kutoka upande wa Moba, wao kutoka Pweto. Mama mukwe wangu aliuza chisense, wale dagaa wakavu wa ziwa, sokoni, na alikuwa mutu wa maneno machache. Kwetu sisi tulisema hata tukilala. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza sikumuelewa: akinyamaza, nadhani amekasirika, akicheka, nadhani ananicheka mimi.

Mama yangu mzazi aliniaga kwa neno moja tu, kwamba mwanamuke anapimwa kwa tako la sufuria yake. Likiwa jeusi, wakwe warudishiwe ng'ombe wao. Ng'ombe wenyewe hatukuwa nao, lakini neno niliingia nalo ndoani. Hawa jirani zetu Wabemba wanasema, umwana ashenda atasha nyina ukunaya, mutoto asiyetembea husifu mapishi ya mama yake tu. Mimi nilikuwa nimetembea, nimevuka hadi ziwa, na bado niliona duniani hakuna usafi isipokuwa wa mama yangu.

Basi siku ile Mama mukwe alipanda boti kwenda kisiwani Kilwa, humu humu ziwani, kununua samaki, alale huko. Kalenga alikuwa ziwani na nyavu. Nikabaki mimi na nyumba, nikasema leo watanitambua. Nilisugua sufuria, nikasugua vijiko, nikatoa godoro la Mama nje lipigwe jua. Ndipo kopo dogo la mafuta ya kujipaka likaanguka. Ndani mulikuwa na kipande cha kitenge, na ndani ya kitenge hiyo franga unayoishika sasa. Franga ya Katanga, upande mumoja mukungu wa ndizi, upande wa pili musalaba wa shaba. Ilikuwa haijanunua hata chumvi tangu mimi sijazaliwa. Rangi yake ilikuwa ya chai kavu, na juu ya ndizi palikuwa na doa jeusi lenye mistari myembamba iliyozungukana.

Ile mistari niliiona, mwanangu. Sitakudanganya. Niliona kabisa kwamba inafanana na kidole. Lakini kichwa changu kilikuwa kimeshika neno uchafu, na kichwa kikishika neno moja, macho hayana kazi. Nikasema, maskini Mama, macho yake yamechoka, haoni vitu vyake vikioza.

Nikachukua majivu, nikakamua ndimu, nikaongeza muchanga wa ziwani. Nikasugua hadi vidole vikaniwasha. Franga ikatoka nyekundu-nyekundu, inang'aa, mpya kabisa. Nikaitandikia kitambaa cheupe mezani, nikakaa kungoja sifa zangu.

Mama akarudi kesho yake. Akaona kitambaa, akaona kilichokuwa juu yake, akakichukua bila hata kutua mizigo vizuri. Akaenda nacho mulangoni penye mwanga, akakigeuza huku na huku. Halafu akasema, "Aksanti, mwanangu. Ulifanya kazi."

Basi, ni hayo tu. Jioni hakula bukari, ule ugali niliousonga mwenyewe. Alisema harufu ya samaki wa Kilwa imemushibisha.

Hapo ndipo akili yangu ilianza kuzunguka. Asante nimepewa, lakini chakula kimekataliwa. Sasa nimefanya vizuri ao vibaya? Sikumwambia Kalenga habari ya franga, juu niliona ni kitu kidogo. Nilimuuliza tu kwa nini mama yake amenyamaza hivi. Akanijibu, "Mama iko vile," akageuka, akalala. Wanaume wa ziwa, ukiwauliza upepo watakueleza mpaka kuche, ukiwauliza mama zao wanasinzia.

Kila jioni Mama alikuwa anasimama mulangoni na ile franga. Anaiinamisha kidogo, anaitafuta kwa macho, anaweka kidole gumba juu ya ndizi, anapumua, anaifunga tena. Siku moja nikachungulia begani mwake. Mwanangu, doa lilikuwa halijaisha! Kivuli chake kilikuwa bado kipo, chembamba, kinaonekana franga ikiwa imelalia upande tu. Nikapata raha moyoni. Kumbe ni hilo linalomusumbua. Nilifanya kazi nusu, na yeye anaona haya kuniambia mimi, bibi wa mutoto wake, kwamba sijui kusugua.

Kuuliza si ujinga. Hilo neno nilikuwa nalo tangu shule, ningeweza kukuandikia ubaoni. Sikuuliza.

Jumapili nikasema kichwa kinaniuma, Mama akaenda kanisani peke yake. Nikatoa dawa ya meno, nikatoa kitambaa kigumu, nikakaa na lile doa kama mutu aliyekaa na adui. Nilisugua mahali pamoja tu, pale juu ya ndizi, mpaka hata ndizi zenyewe zikaanza kulainika. Nikaiinamisha huku, nikaiinamisha kule. Hakuna kitu. Nilifurahi sana.

Aliporudi nilimpa mukononi.

"Sasa ni safi kabisa, Mama. Ile doa ilitoka."

Akaiangalia muda murefu. "Ilikuwa doa?"

"Ndiyo, Mama. Doa yenye kufanana na kidole."

"Uliona ni kidole?"

"Niliona."

Akakaa chini, pale pale kwenye kizingiti, na nguo zake za kanisa. Akasema pole pole, hata sauti hakuipandisha, "Ilikuwa kidole ya baba yako mukwe."

Kule Pweto huyo muzee alikuwa anapima mafuta ya mawese. Siku Kalenga alipozaliwa walimwita mbio, akaja na mikono imejaa mafuta, akatoa mufukoni hiyo franga aliyokuwa akiihifadhi tangu ujana wake, akamubandikia bibi yake, ndiye Mama, kiganjani. Akabonyeza. Mama akaifunga kwenye kitenge na mafuta yake. Walipoifungua baadaye kidole kilikuwa kimeandikwa humo, na hakikutoka tena. Vita vilipofika, nyumba iliungua na picha zote, na muzee alibaki ng'ambo. Kaburi lake hatulijui mpaka leo. Katika dunia nzima alikuwa amebaki mahali pamoja tu, padogo kuliko kifungo cha shati, na mimi nilimutafuta hapo kwa bidii nikamutoa. Mara ya kwanza alikuwa amebaki nusu. Mara ya pili nilimumaliza.

Ningemuona Mama analia ningejua la kufanya. Hakulia. Aliweka kidole chake gumba pale palipokuwa na doa, akabonyeza, akabonyeza sana, macho yakiwa kwingine. Mikono yake ilikuwa bado na mafuta aliyojipaka asubuhi. Halafu akaifunga kwenye kitenge, akairudisha koponi. Akasema, "Kalenga asijue."

Niliingia ndani nikafunga nguo zangu. Nilikuwa na hakika kwamba ndoa imekwisha, tena niliona ni haki. Nilipotoka na furushi kichwani yeye alikuwa jikoni anachagua kuni. Akanitazama, akasema, "Unaenda wapi saa hii? Nani atasonga bukari?" Nikasimama. Nikatua furushi. Nikasonga. Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa msamaha ao ilikuwa njaa tu.

Tuliishi naye miaka mingi. Ile franga hakuitoa tena mbele ya mutu. Kalenga akimuuliza, anamwambia muzee amelala, mumuache. Na mimi kila akisema hivyo ninasubiri aongeze neno, haongezi. Alinilelea watoto wangu, wewe mwenyewe alikubeba mugongoni, akanifundisha kukausha samaki wasiote funza. Jina langu hakulichafua kwa mutu yeyote. Nilikuwa nampenda na kumuogopa pamoja, sikuweza kutenganisha.

Alipokufa, baada ya matanga, Kalenga alifungua kopo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikisema sasa ataona patupu, sasa ataniuliza. Akafungua kitenge. Juu ya ndizi, mwanangu, palikuwa na kidole. Kahawia, mistari yake yote imekamilika.

Baba yako akasema, "Baba huyu." Akalia, yeye ambaye hata kwenye kaburi la mama yake hakulia.

Nikuambie, kwanza na mimi niliamini amerudi. Niliogopa kweli. Ikanichukua muda kukumbuka ile Jumapili, kizingiti, na kile kidole cha Mama kilichobonyeza na mafuta yake. Nikafungua kinywa nimwambie, nikakifunga. Nikakifungua tena. Bado nafungua na kufunga.

Baadaye akaja mwalimu mumoja kutoka mji wa Mwansabombwe, anakusanya franga za zamani pamoja na zile peni za kwanza za Zambia zenye tundu katikati. Alitandika kitambaa mezani kwanza, hata franga ikianguka isiumie. Akaishika kwa ukingo, kwa vidole viwili, uso wake hakuugusa. Akauliza ni nani aliyeisugua hivi, maana shaba ikishavuliwa ngozi yake hairudishiwi. Nikaangalia paa. Halafu akasikitika kabisa kabisa juu ya kile kidole: mafuta ya mukono, anasema, yanakula shaba, hilo nalo ni kidonda. Kwake kidole ni kidonda. Kwetu sisi kidole ndicho kitu chenyewe. Nilichanganyikiwa upya, uzee na yote. Lakini mafundisho yake niliyashika, juu nilikuwa nimeyalipia tayari.

Kwa hiyo sikia. Franga ya zamani ishike kwa ukingo, mikono iwe imeoshwa na kukauka, tena umekaa juu ya kitu laini. Ndimu, siki, majivu, muchanga, dawa ya meno, hivyo ni vya sufuria. Ikiwa ina udongo tu, ilaze katika maji ya mvua yenye sabuni kidogo, udongo ulegee wenyewe. Isuuze, iguseguse kwa kitambaa laini mpaka ikauke, usisugue. Kisha ikunje peke yake katika karatasi safi, pakavu, isigongane na nyingine. Ule weusi wake si uchafu, umri wake huo. Na kama hujui kitu, kiache kilivyo mpaka ujue. Kukiacha hakuna hasara, na kilichosuguliwa hakirudi.

Na kubwa kuliko franga: ukiingia katika nyumba ya watu, kabla ya kusafisha, uliza. Uliza hata kama unaona haya. Ningeuliza neno moja tu, "Mama, hii nini?", baba yako angekuwa na baba yake.

Sasa ana nini? Kila Jumapili anakaa pale, anafungua kitenge, anamusalimia baba yake kwa sauti ndogo, na mama yake ndiye anayepokea salamu. Sijui kama nimuambie. Wewe usimuambie, angalau leo. Na hiyo ndimu tutakamulia samaki.

Sogea nikubariki. Nyumba utakayoingia ikufungulie vitu vyake pole pole. Mungu akupe kinywa cha kuuliza na mukono usio na haraka, na wewe mwenyewe akushike kwa ukingo, asikusugue. Amina.