Dadu ya Mfupa na Shimo la Sanga

Wasomaji wangu, kwa muda mrefu niliamini kwa moyo wote, huku cheti changu cha shule ya jioni kikiwa kimetundikwa ukutani, kwamba dadu ya rafiki yangu ilichongwa kutoka mfupa wa mtu aliyezikwa Sanga, kando ya Ziwa Kisale, enzi ambazo babu wa babu zetu walikuwa bado hawajazaliwa. Aliyenipa habari hiyo ni fundi wa baiskeli wa karibu na soko, mtu ambaye akikuambia mvua inanyesha inakubidi utoe mkono nje kwanza. Lakini siku hiyo aliacha kujaza upepo gurudumu langu, akashusha sauti: “Mama ya rafiki yako iko muntu wa Sanga. Kule bantu banalima, jembe inapiga chungu, na chini ya chungu kuko muntu. Sasa weye unazani ule mufupa alitosha wapi? Ku butiki?” Hoja hiyo, kwamba mfupa kama ule hautolewi dukani, ilinishinda. Tangu hapo sikuigusa tena dadu ile kwa mkono mtupu. Niliishika kwa leso, na wenzangu wakanisifu kwa usafi.

Mwenye dadu amefariki. Malaria ilimpanda kichwani, na kabla hatujajua kama ni ugonjwa wa kumpelekea machungwa au wa kumpelekea padri, mwendesha pikipiki alipunguza mwendo mbele ya mlango wangu, akasema, “Papa, mwenzako wa ku gare amekufa asubuyi,” kisha akaondoka na abiria wake. Nitasema kweli, maana ninyi mmenizoea. Huzuni ilikuja, lakini ilikuja ya pili. Woga ndio uliotangulia, tena woga wa kutosha kugawia jimbo zima na wa kubaki. Nilikaa juu ya ndoo bila kutazama, na ndoo ilikuwa na maji. Rafiki yangu alikuwa ameniacha ndani ya kaburi, na hakuna mwingine aliyejua njia ya kunitoa.

Nieleze vizuri, msije mkadhani na mimi malaria imenipanda. Marehemu alikuwa karani wa tiketi pale gare, yaani kituo cha reli, na wote mnajua kazi ya karani wa tiketi katika mji wetu wa Kamina. Kazi yake ni kungoja treni pamoja na watu, ila yeye anangoja akiwa nyuma ya kidirisha. Siku moja binamu yake alikuja kutoka Lubumbashi na habari za mchezo unaochezwa mezani kwa maneno matupu. Mmoja anasimulia mahali na hatari zake, wengine kila mmoja anachukua mtu wa kubuni na kusema mtu huyo anafanya nini, na panapokuwa na shaka, dadu inaamua. Binamu hakuwa na kitabu cha mchezo huo, wala rafiki yangu hakukiona maishani mwake. Alisikia mara moja tu, akaamua kutungia marafiki zake safari ya kwanza kwa kichwa chake mwenyewe. Alichora ziwa, visiwa vya mafunjo na makaburi ya kale juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, akachonga dadu, akatoboa nukta zake kwa msumari wa moto. Jumapili baada ya misa na ibada akatuita watatu: mimi, fundi wa baiskeli, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama wa Kimetodisti ambaye hata akicheka anasahihisha.

Masikini, safari yake ya kwanza iliharibika palepale mlangoni. Alikuwa ametayarisha pango, nyoka mwenye sauti ya mtu, na mfalme aliyekufa anayelinda vyungu vyake. Akatusimulia kwa sauti nzito mpaka kuku wa jirani wakanyamaza, kisha akauliza: “Munafika ku mulango wa pango. Munafanya nini?” Tukatazamana. Mwalimu akasema, “Tunarudia kwetu.” Karani akashtuka: “Munarudia namna gani? Hamuyaingia!” Fundi akamjibu, “Njo vile. Muntu wa akili haingie mu shimo ya bantu bengine bila kusalimia chefu. Chefu iko wapi? Tulete kuku.” Basi alasiri yote, wasomaji, ilipita tukimtafuta chifu wa kijiji ambacho mwenzetu hakukitunga, tukipatana bei ya mtumbwi, tukibishana kama jogoo anatosha au tuongeze unga. Nyoka wake alilala njaa. Alipotusihi tuwe mashujaa kidogo tu, mwalimu alimtolea methali kama anayesahihisha imla: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Mwingine angekunja karatasi yake akanuna. Yeye alirudi nyuma ya kidirisha chake, akaitunga safari upya. Aliniambia kosa lilikuwa lake: alitutungia pango akasahau kututunga sisi. Safari ya pili ilianza kwa chifu. Chifu alikataa jogoo wetu, akasema mtoto wake amepotea huko makaburini tangu ukungu uliposhuka ziwani, na asiyemwogopea mtoto huyo arudi Kamina. Hapo tukanaswa. Hatukuwa tena watu wanaotafuta vyungu vya marehemu. Tulikuwa tunaogopa kwa ajili ya mtoto ambaye hayupo, na niliona mwalimu yule, mwanamke anayenyamazisha darasa zima kwa kukohoa, akishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Sasa sikieni kosa, na ni kosa la watu wa kwetu tu. Kabla ya kuanza, karani alituomba kila mmoja ampe mtu wake jina. Mgeni angebuni jina lolote la ajabu. Lakini sisi jina halibuniwi, jina linarithiwa, na anayekupa jina lake anaendelea kutembea ndani yako. Mimi, kwa kiburi, nilimpa shujaa wangu jina la babu yangu, ambalo ndilo jina langu. Fundi akaguna, “Weye, umejiweka mwenyewe pa meza.” Nikacheka. Nilicheka mpaka ukungu ulipofika kiunoni, ardhi ikalegea chini ya miguu ya babu yangu, na karani akasema, “Tupa.” Nikatupa kwa leso. Dadu ikaonyesha nukta moja. Akasimulia jinsi nilivyoanguka kati ya vyungu, jinsi udongo ulivyonifunika kifua, jinsi kitu fulani kando yangu kilivyovuta pumzi. Nilisikia baridi ya udongo ule, nawaapia, hapo kwenye kiti cha plastiki, jua likiwaka nje.

Na wakati huohuo treni ikapiga honi. Treni ambayo hakuna aliyeitegemea, ambayo mji mzima ulikuwa umeshaiombea rehema, ikaamua kufika dakika hiyo! Karani akaruka, akavaa kofia yake, akakimbilia gare, akinipigia kelele njiani kwamba atanitoa Jumapili: “Ungoye mule! Nitakutosha dimanshi!” Jumapili iliyofuata alikuwa kitandani. Nyingine tukamzika.

Siku zile za matanga sikulala kama mtu. Kuku akikwaruza nje, nilisikia koleo. Nilikataa kupita karibu na mtaro wa bomba uliochimbwa mbele ya ofisi ya gazeti hili. Mnaweza kucheka, lakini tazameni mji wetu. Pikipiki ikichelewa tunasema imeanguka, simu isipopokelewa tunasema amekufa, mtu akinunua bati tunauliza amemtoa nani sadaka. Swali likikosa mtu wa kulijibu, woga hulijibu wenyewe, na hauna haya. Marehemu alikaa maisha yake yote nyuma ya kidirisha akiulizwa jambo moja, “Treni itakuja?”, na hakuwahi kumjibu mtu kwa uongo. Alisema, “Sijue, mama, lakini tungoje pamoja.” Nadhani ndiyo sababu aliweza kututungia woga usiotudhuru: alikaa nasi ndani yake. Mtu anayewaingiza marafiki gizani asiwaache huko peke yao. Yeye aliitwa na treni, kisha akaitwa na nyingine.

Baada ya matanga mjane wake alituita watatu. Karatasi ya saruji ilikuwa mezani, na dadu juu yake. “Alinambia mu homa,” alisema, “yule wa mu shimo asibakie mule. Atupe tena. Moja ikitoka, anabakia. Namba ingine, babariya banamusikia, banamutosha.” Mwalimu alikubali kusimulia jinsi wavuvi hao watakavyonitoa, dadu ikikubali. Nikatoa leso. Dadu ikatoka ndani yake ikaanguka papohapo kama kiazi, bila kuviringika.

“Haihesabiwe,” mwalimu akasema. “Tupa na mukono.”

“Mama Mwalimu, tafazali.”

“Na mukono, papa. Hapa haiko hospitali.”

Nilitazama mfupa ule, nao ulinitazama kwa macho yake sita. Nikafikiri juu ya babu yangu chini ya udongo, nikafikiri juu ya rafiki yangu chini ya udongo, nikaushika. Ulikuwa mwepesi, wenye vuguvugu la jua. Nikautupa. Dadu iliviringika kuvuka ziwa zima, ikapita visiwa, ikasimama kwenye kijiji cha chifu: nne. Mwalimu akasimulia wavuvi, sauti zao, kamba, na mtoto wa chifu aliyekuwa ameniwahi kwenye mtumbwi akila samaki. Alisimulia vibaya, kwa sarufi safi. Nililia bila kuona haya.

Mjane alikuwa akinitazama. “Papa, ile leso iko ya nini? Dadu ya bwana yangu iko buchafu?”

Nikamweleza yote: Sanga, jembe, chungu, marehemu wa kale. Fundi wa baiskeli aligundua ghafla kwamba viatu vyake vina mambo ya kutazamwa. Mjane aliziba mdomo kwa ncha ya kitenge, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani nimeongeza msiba juu ya msiba. Kumbe anacheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

“Ile mufupa iko ya mbuzi,” akasema. “Mbuzi ya ndoa yetu. Miye mwenyewe njo niliipika.”