Soya, Trekta na Shemeji

Shemeji yangu aliamini mashine yake ya kupandia haikosei, na kwamba mtu akiuliza swali kuihusu anamtukana yeye na trekta kwa pamoja. Nilimheshimu, ni mdogo wa mume wangu. Siku ile ya kupanda soya kule Mitunguu heshima iliisha kabla ya chai ya saa nne.

Mama mkwe alikuwa amenipa shamba kwa msimu mmoja tu. Alisema wazi mbele ya wanawe: "Soya ikiota, shamba ni lako. Isipoota, anachukua huyu na mahindi yake." Huyu ndiye shemeji, na hakukuwa na mwingine mwenye mashine. Mume wangu akasema niache wasiwasi, ndugu yake ni mtu wa kanisa. Haya.

Alianzia juu, upande wa barabara. Nikafukua mstari kwa kidole nikakuta mbegu nne zimelaliana, kisha pengo, kisha nne tena. Alikuwa amefunga kwenye mashine sahani ya kudondoshea maharagwe, ambayo matundu yake ni makubwa.

"Si soya ni maharagwe tu, shemeji?" akasema kutoka juu ya trekta. "Yamesoma kidogo."

"Badilisha."

Akabadilisha huku amenuna. Sasa zikadondoka moja moja, lakini chini sana, kidole kizima. Huku kwetu mahindi huzikwa hivyo yafuate unyevu. Soya hutoka kwa kusukuma udongo na kichwa. Ukiizika mno na udongo ukagandamana juu, shingo inakatika. Nikamwambia apandishe pini ya kina, ile inayopanga mbegu zizikwe chini kiasi gani. Akashuka, akapandisha, akaniangalia kama mtu aliyeombwa figo.

Tulipofika katikati ya shamba alishuka bila kuambiwa, akairudisha pini ilipokuwa. Eti huku chini ni kukavu.

"Wee! Pandisha hiyo kitu!"

Alikuwa ameshapanda trekta. "Sishuki tena. Hii si cherehani."

Nililia kwa hasira nikiifuata ile mistari. Mume wangu akaniambia vumbi ni baya kwa macho.

Mvua ikanyesha kwa fujo, kisha jua likakausha udongo ukawa mgumu kama chapati ya jana. Juu, soya ikatoka mistari imejaa. Chini, upara.

Mama mkwe akaja, akatembea shamba lote, akafukua pale kwenye upara na kutoa miche iliyokatika shingo. "Nani aliweka mashine hivi?"

"Ni huyu, mama. Nilimwambia akakataa."

Shemeji akaangalia gambuti zake. Mama mkwe akafikiri, kisha akakata maneno: palipoota ni pangu, palipo na upara pawe pa mwanawe, ajisumbue napo. Akamwamuru achimbie mawe ya mpaka yeye mwenyewe. Nilifurahi jamani, nikapika pilau.

Nilikuwa nachambua mchele niliposimama ghafla. Angeipandisha ile pini, shamba lote lingekuwa langu. Kwa kukataa kushuka, alikuwa amepata nusu.

Nilimwambia mume wangu. Akasema ndugu yake hana akili ya namna hiyo.

Msimu uliofuata shemeji alipanda soya kwenye upara wake. Kila akimaliza mstari, alishuka kwenye trekta, akafukua kwa kidole, akaangalia pini.